Mlima Usiotema

Kwa Mama Nelly hapakuwa na hodi. Mtu aliingia tu, akavuta kigoda, na kabla hajaulizwa habari za nyumbani kwake alikuwa ameshashika kikombe cha chai. Ndivyo Vumilia, huyo Mama Nelly, alivyolelewa kwao Kambarage, Shinyanga mjini, katika nyumba ya vyumba vinne na watu ishirini na wawili, na alipoolewa na Kalisti alihamia Geita na nyumba ile yote kichwani: baraza, makelele, na sufuria iliyopikiwa waliopo na watakaokuja. Mtaa mzima ulipata habari zake pale. Nani kaposwa, nani karudishwa kwao, duara la nani limetema. Huku shimo la dhahabu ni duara, na likitoa mali husemwa limetema. Yote hayo yalipita kwanza barazani kwa Vumilia, yakatiwa chumvi kiasi, ndipo yakaruhusiwa kwenda sokoni.

Kalisti mwenyewe alikuwa mchimbaji, tena wa kutegemewa. Ilisemwa kwamba Kalisti akilamba jiwe na kuligeuza mara mbili juani anakwambia lina nini tumboni, na hakuna aliyewahi kusikia amekosea. Jioni akirudi kazini, Vumilia alikuwa anamsikia toka njia panda, kicheko kimetangulia, mwenyewe yuko nyuma.

Ikaja mwezi wa nne, mvua ya siku tatu mfululizo. Kalisti alikuwa chini mita arobaini pamoja na Donatus, mwenzake wa miaka kumi na mitatu, ukuta ukashuka. Wenzao walichimba siku mbili, Sostenes mbele yao, mikono imechubuka mpaka akafungwa vitambaa. Alasiri ya siku ya pili wakamtoa Kalisti, mzima. Donatus hawakumfikia. Udongo uliendelea kutembea, ikaamuliwa wasiongeze maiti juu ya maiti. Duara likafukiwa, padri akaliombea, na hilo likawa ndilo kaburi.

Tangu siku ile Kalisti hakusema. Alijibu ndiyo, alijibu hapana, alijibu nimeshiba, akaishia hapo. Ndani hakulala tena, alitandika mkeka barazani hata mvua ikinyesha. Na wageni walimiminika, kwa sababu mtu aliyetoka ardhini ni habari, na habari hutazamwa. Kila walipojaa, Kalisti aliinuka kimya akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, akasimama huko mpaka wamalize chai. Nelly, binti yao, alikuwa anasoma Mwanza. Akipiga simu, baba yake anasikiliza, halafu anamrudishia mama simu bila neno.

Watu walimwambia Vumilia ashukuru Mungu, mumewe amerudi. Alishukuru. Lakini mwili ndio uliorudi. Alimtaka mwenyewe.

Mwezi wa kumi na moja Mwasiti, mwuza vitumbua wa nyumba ya pili, alikuja na kigoda chake mwenyewe, jambo ambalo hufanyika tu mazungumzo yakiwa marefu.

"Mama Nelly, mimi sisemi kitu."

"Usiseme basi."

"Sisemi. Ila Baba Nelly leo tena kapita hapa saa kumi na moja alfajiri, hata kitumbua cha kwanza sijageuza. Jana kapita. Juzi kapita. Mwanaume anayetoka kwake gizani hana jembe, hana sululu, huko anakokwenda analima nini?"

"Anapunga hewa. Kifua chake kibovu tangu wakati ule."

"Hewa ina jina lake, shoga yangu," Mwasiti alisema. "Wewe tafuta tu jina."

Vumilia alicheka mbele yake. Alfajiri iliyofuata hakucheka. Alisikia mkeka unakunjwa, akahesabu hatua ishirini, akajifunga khanga mbili, akachomoa kandambili chini ya kitanda na kumfuata mumewe. Njiani aliwapitia wanawake wa mtaa mmoja mmoja akilini. Yule mjane wa dukani hapana, ana mtu wake. Yule wa chipsi labda. Akajiandaa na maneno, na maneno Vumilia hakuwahi kuyapungukiwa.

Lakini Kalisti aliipita nyumba ya mjane, akaipita ya mama wa chipsi. Akayapita maduara, akaipita karasha ya Marwa, ile mashine ya kusagia mawe ambayo mchana humnyima mtu kusikia hata mawazo yake, sasa imelala kimya. Akashika kijia cha kwenda Nyakabanga.

Nyakabanga ni mlima ulioko nyuma ya mtaa, na mtaani haukuwa na heshima. Wapimaji walishaupanda mara mbili na vyombo vyao, wakashuka wakatikisa vichwa, na tangu hapo ukaitwa mlima usiotema. Waliopanda ni mbuzi na wakata kuni, nao hawakufika nusu. Miaka kumi na tisa Vumilia alikuwa ameuona kila siku kama mtu anavyoona ukuta wa jirani.

Nusu ya kwanza alipandishwa na hasira. Moyo ulimpiga, jasho likamwingia machoni, kandambili ya kushoto ikakatika kamba, akaiacha kwenye kichaka na kuendelea na moja. Ilipofika mahali hasira nayo ikaishiwa pumzi, akasimama ameshika mti, na kwa mara ya kwanza akasikia alikokuwa.

Alikuwa amezoea kudhani kwamba porini ni kimya. Kumbe palikuwa pamejaa. Tetere mmoja alianza kulia upande wa kulia, wa kushoto akamjibu, wa tatu akaingilia yasiyomhusu. Hondohondo wawili walipita juu wanagombana kama mke na mume. Kwale walipiga kelele majanini wakanyamaza ghafla, kama wasengenyaji, anayesengenywa akiingia. Maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yanashuka jani kwa jani, na udongo ulinuka kama chungu kipya kilichotiwa maji. Vumilia, mtoto wa nyumba iliyojaa, aliijua nyumba iliyojaa akiiona. Ilikuwa hii, na mlango wake ulikuwa wazi siku zote hizo, na yeye hakuwahi kupita kusalimia.

Akapanda taratibu zaidi. Miti ikapungua, mawe yakawa makubwa, makubwa kama nyumba, yamebebana bila kuangushana. Akapenya katikati ya mawili, akatokea juu.

Kalisti alikuwa amekaa kwenye bapa la jiwe, miguu inaning'inia. Peke yake.

Mbele yake dunia ilikuwa imemwagwa yote. Bondeni ukungu ulikuwa umelala mweupe kama maziwa mtunguni, na juu ya ukungu vilima vilitokeza vichwa tu, kimoja nyuma ya kingine, cha kwanza cha kijani, cha pili cha buluu, cha mwisho hujui ni kilima au ni mbingu. Kaskazini, mbali, palikuwa na ufito unaong'aa, na Vumilia alichukua muda kuelewa kwamba lile ni ziwa. Upande wa pili nchi iliteremka ikanyooka kwenda kwao, Shinyanga, tambarare isiyo na mwisho. Na jua ndiyo kwanza lilikuwa linatoka, polepole, jekundu, bila kuombwa na mtu.

Maneno yote aliyopanda nayo yalimwisha. Akasimama na kandambili moja, mdomo wazi.

"Ulidhani nina mtu," Kalisti alisema bila kugeuka.

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwa miezi saba.

"Nilidhani," Vumilia alisema.

"Umemwona?"

"Sijamwona."

"Angalia vizuri, labda kajificha nyuma ya jiwe."

Vumilia akakaa chini, akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo, hakuyafuta. Walikaa hivyo mpaka jua likaachana na vilima. Ndipo Kalisti akasema tena, akichagua neno kama anayechagua pa kukanyaga.

"Hapa hakuna kitu juu ya kichwa changu. Kule chini nilikaa siku mbili na ardhi juu ya kichwa. Nyumbani naangalia dari. Hata watu, Mama Nelly. Watu wakijaa naona wananifunika. Hapa naangalia juu, hakuna kitu. Napumua."

"Nitawakataza wasije."

"Usimkataze mtu. Ila huku usimwambie mtu."

Akaapa. Na siku ile aliapa kwa moyo wake wote.

Wakawa wanapanda pamoja. Wiki ya kwanza Vumilia alisimama mara tisa kabla ya kileleni, wiki ya tatu mara mbili, tena mara moja ilikuwa ya kumwangalia kinyonga. Alinunua raba. Magoti yaliyokuwa yakilia kama mlango mbovu yalinyamaza. Alilala usiku kama aliyepigwa rungu. Kalisti naye kikohozi kilipungua, rangi ikamrudia, akaanza kumaliza ugali. Huko juu alimweleza jinsi jiwe linavyosomwa, na jinsi mamake alivyokuwa akiita ng'ombe kwa majina, na mara moja aliimba. Lakini wakishuka, walipofika tu kwenye maduara, mdomo wake ulifungwa kama duka. Nyumbani Vumilia alikuwa na mgeni. Mlimani alikuwa na mume. Ikawa anaamka kabla yake, anaogopa asije akaikosa hata asubuhi moja.

Sasa, mwanamke kama Vumilia kukaa na jambo kubwa wiki tatu bila kulisema ni sawa na kukaa na jipu. Siku ya Alhamisi Mwasiti alikuja na kigoda.

"Umekonda," alisema. "Uso unang'aa. Umenunua raba, na hizo raba zina matope ya mlimani, matope ya mtaani nayajua mimi. Mnafuata nini Nyakabanga?"

Vumilia alikunywa chai. Akainamisha kichwa. Akakumbuka kiapo, akakikwepa kama mtu anavyokwepa dimbwi, mguu mmoja ukaingia.

"Kuna kitu kule juu, Mwasiti. Tumekikuta. Lakini siwezi kukueleza. Hata nikijaribu, siwezi."

Ilikuwa kweli tupu, kama yupo mtu aliyewahi kusema kweli. Mji mwingine wowote, mwenzake angemwuliza kama ameokoka. Lakini hapa ni Geita. Hapa aliyepata kidogo hutangaza, aliyepata kingi husema hawezi kueleza. Mwasiti aliacha kutafuna. Akaziangalia zile raba. Akamfikiria Kalisti, mtu asiyekosea jiwe, ambaye haongei na watu, anayepanda mlima gizani mikono mitupu asije akashukiwa.

"Haya," alisema. "Nimekusikia."

Akaondoka, kikombe kimebaki na chai nusu. Miaka yote ile Mwasiti hakuwahi kuacha chai, na hapo ndipo Vumilia alipaswa kujua.

Jumamosi walipanda kama kawaida. Walikuwa wameshapita pale kandambili ilipokatikia, Kalisti akasimama.

"Unasikia?"

Alisikia. Chuma kiligonga jiwe huko chini. Mtu alikohoa, mwingine akamwambia nyamaza. Akageuka, akaona taa za simu zinapanda kijia kwa mstari, nyingi, kama watu wanaokwenda mkesha.

Kalisti alimtazama. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ulimwambia nani?"

"Sikusema. Nilisema siwezi kusema."

"Kwa Geita hii?"

Pumzi yake ilikuwa imeanza kukatika, ile ya siku za mwanzo, fupifupi kama ya mtoto anayelia. Akageuka, akaanza kupanda haraka, karibu kukimbia. Vumilia akabaki katikati ya njia. Akatanua mikono, kama kwamba mwanamke mmoja anaweza kuziba mlima.

Wa kwanza kutokea alikuwa Sostenes. Alikuwa na sululu begani, ameivika gunia la salfeti isijulikane, na kila mtu angejua ni sululu.

"Mwangaluka, Mama Nelly."

"Mwangaluka. Unakwenda wapi saa hizi, Sostenes?"

"Natafuta mbuzi wangu."

"Tangu lini una mbuzi?"

"Sasa ningekuwa naye ningemtafuta?"

Nyuma yake mtu alicheka, akajizuia. Sostenes akashusha sululu.

"Shemeji, hatuna ubaya. Kalisti kapewa fungu lake na Mungu, na sisi atuonyeshe pembeni kidogo. Mimi ndiye niliyemchimbua."

"Najua. Siku zote najua. Lakini Sostenes, hakuna dhahabu kule. Nakuapia kwa mwanangu."

"Wote huapa hivyohivyo," alisema Marwa wa karasha, anahema, amevaa suruali ya kanisani. "Ndiyo inavyotambulika."

Wakampita. Walimpita kwa adabu, shikamoo mama, samahani dada, wabeja mayu, yaani asante mama, lakini walimpita. Alihesabu mpaka arobaini akaacha. Walikuwa watu wa kushuka na kamba mita arobaini gizani bila kutetemeka, na sasa kupanda kuliwatoa ulimi. "Afadhali kwenda chini," alisikia mmoja anamwambia mwenzake, "chini unasaidiwa na uzito wako." Mwisho wa mstari akaja Mwasiti, beseni la vitumbua kichwani, kwa sababu watu wakikimbilia dhahabu lazima wale.

"Usininunie," Mwasiti alisema. "Neno dhahabu mimi sikulitamka. Nilisema Mama Nelly kakuta kitu. Mengine wamejiongezea."

Vumilia alimsogelea. Alishika mkono wake wa bure, wakapanda.

Walipofika kileleni watu walikuwa wameshatapakaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia mbele. Mchimbaji macho yake hukaa miguuni. Walitembea wameinama, wanageuza mawe, wanafunga vitambaa kwenye vichaka kuonyesha hapa pameshikwa. Mwasiti aliteremsha beseni akatandika khanga kwenye jiwe. "Hapa pangu," alisema, akiwa hajui hata pana nini.

Kalisti alikuwa kwenye bapa lake, mwisho kabisa, amewapa mgongo. Mikono imeng'ang'ania jiwe. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka. Vumilia alimtazama akaelewa alichokifanya. Nyumbani dari, mtaani watu, na sasa hapa. Akiondoka leo hana mahali pengine pa kupumulia, na ulimi uliomfunga si wa mwingine. Akataka kwenda kumshika. Aibu ikamzuia.

Sostenes akavua salfeti, akanyanyua sululu, akapiga mwamba mara moja.

Mlio ule ulikwenda ukagonga mlima wa pili ukarudi. Ndege walinyamaza wote. Na Kalisti akainuka.

Alikuja polepole, na watu wakampisha. Akaokota kipande kilichoruka. Akakilamba. Akakisugua kwa kidole gumba, akakiinua kwenye mwanga uliokuwa unaanza kuja, akakigeuza mara moja, mara mbili. Watu sitini walishika pumzi kama mtu mmoja.

"Bubu," Kalisti alisema.

Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini ilikuwa yake. Wengi hawakuwahi kuisikia tangu mwezi wa nne, na wapo walioshtushwa na sauti kuliko jibu.

"Bubu kabisa? Hata chembe?" Sostenes aliuliza.

"Lilambe mwenyewe."

Hakulamba. Jiwe likishasemwa na Kalisti limesemwa. Sululu ikashuka mpaka chini.

"Basi mmetuchezea," Marwa alisema. "Tumeacha kazi, nimeharibu suruali. Mkeo alisema kuna kitu."

Wote wakamgeukia Vumilia. Akafungua mdomo.

"Kipo," Kalisti alisema. "Mmekipa mgongo."

Wakageuka.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza limeweka ukingo wake juu ya vilima. Mvua ya usiku ilikuwa imeosha anga yote, na mwanga ulikuja moja kwa moja, ukapita juu ya ukungu, ukaupaka rangi ya papai bivu, ukawafikia watu miguuni, magotini, usoni. Kilima kimoja kikawaka, kikawasha cha pili. Ziwa likatokea kama mtu amechomoa kisu. Mzee mmoja akavua kofia yake ya kazini, wa karibu naye akavua, ikawa mmoja baada ya mwingine kama kanisani. Watu hawa walikuwa wameijua nchi hii kwa ndani, mishipa yake na mawe yake, walijua inavyonuka gizani. Uso wake hawakuwa wameuona. Walikuwa wanaingia chini kabla hakujapambazuka na kutoka kumeshakuchwa, na mwanga wa katikati waliuachia wengine.

Ukungu ulipoanza kupasuka, mji ukachungulia.

"Lile bati jekundu ni kwangu?" Marwa aliuliza, taratibu. "Mbona dogo hivyo?"

"Deni lake ndilo kubwa," mtu akamjibu, wakacheka kwa sauti ya chini, hawataki kuamsha kitu.

Wakaanza kuonyeshana. Lile kanisa, ule msikiti, zile chuguu kule ni vifusi vya mgodi mkubwa. Maduara yao yalionekana kama vishimo vya bao ambavyo mtu amechoka kucheza akaacha. Mmoja alisema inakuwaje mtu anaenea mule.

Sostenes alikuwa amesogea mpaka karibu na Kalisti.

"Duara letu liko wapi?"

Kalisti aliitafuta barabara kwa macho. Mkono ulipoinuka, ulinyooka.

"Fuata barabara mpaka kwenye ule mkwaju. Kushoto kwake pana majani mabichi kuliko mengine. Pale. Donatus yuko pale."

Jina lile lilianguka katikati ya watu. Vumilia alisikia Mwasiti anavuta pumzi.

"Siku ya kwanza alikuwa anaongea," Kalisti alisema. Hakuwa anamtazama mtu, alitazama yale majani. "Hatukuwa tunaonana. Alikuwa ananiuliza, Kalisti, nje kumekucha? Nasema bado. Anakaa, ananiuliza tena. Mwisho nikamwambia kumekucha, Donatus, jua limetoka. Akasema, haya, nieleze linavyotoka."

Wakamngoja.

"Nikakosa cha kumweleza. Miaka kumi na mitatu sijawahi kusimama nikaliangalia. Nikamwambia, limetoka tu. Akasema, sawa. Hakuuliza tena." Akaligeukia jua. "Ndiyo maana napanda. Naliangalia mpaka nilijue."

Sostenes alikuwa analia waziwazi, ile mikono yake yenye makovu imening'inia. Alipoweza kusema, alisema kwa upole sana, kama mtu anayempa mwenzake kamba.

"Basi mweleze sasa."

Kalisti akayageukia yale majani. Kisha akaanza, kwa sauti ya mtu anayeongea na wa chumba cha pili.

"Donatus. Kumekucha. Linaanza kwa wekundu mdogo, upande wa kule, kama moto uliofunikwa majivu. Halafu halitoki kwa haraka. Linakaa kwanza."

"Mwambie ukungu," Sostenes alisema.

"Kuna ukungu. Mtaa wote umelala ndani yake."

"Mwambie Marwa kabaki bati tu," mtu akasema nyuma, na Kalisti akatabasamu, Vumilia aliona.

"Marwa kabaki bati. Na suruali ya kanisani imepasuka."

Kicheko kikatoka, kikubwa, na baada ya hapo haikuwezekana kuwazuia. Mwambie ziwa linaonekana. Mwambie Mwasiti kaja na vitumbua mpaka huku, hana aibu. Mwambie mwanawe amefaulu, anakwenda kidato cha kwanza. Mwambie ule mkwaju bado upo. Kila mmoja alikuwa na lake, wanasogea, wanasukumana, bega kwa bega, wanaingiliana maneno, na Kalisti katikati yao anapokea na kupeleka, anasema taratibu, mmoja mmoja, anarudia vizuri kilichosemwa vibaya. Walimzunguka pande zote. Mara mojamoja alinyanyua macho akaangalia juu ya kichwa chake, palikuwa wazi, akaendelea. Hakuondoka.

Mwasiti alikuwa amekusanya khanga yake na kuanza kugawa vitumbua bila kuulizwa. Alimsogezea Vumilia kimoja, akamgusa na kiwiko.

"Na wewe sema chako, Mama Nelly. Wewe ndiye wa maneno."

Vumilia alitikisa kichwa. Kitumbua kilikuwa bado na joto mkononi mwake, hakukila. Alikaa chini kwenye jiwe, mbali kidogo na watu, akakunja miguu.

"Niache," alisema. "Namsikiliza."